Jedwali la maji la Kilindini huhesabiwa kwa miezi isiyokuwepo angani. Je, sayansi inaieleza bahari yenyewe?

Mwana_wa_Likoni anauliza:

Assalam alaikum, wanajukwaa.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa boti ya kioo kwenye mwamba ulio mbele ya fuo za Nyali na Bamburi, na kwa sababu hiyo jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, ndilo kitu cha kwanza ninachokisoma kabla sijawasha injini. Maji yakizidi juu ya matumbawe, mgeni haoni kitu. Yakipungua mno, boti inagusa. Jedwali hilo halijapata kunipoteza pakubwa. Likisema maji yatajaa saa kumi na robo na kufika mita 3.6, nikitazama alama kwenye nguzo hukuta yamefika hapo au karibu na hapo, pengine yamezidi au yamepungua kwa upana wa kiganja.

Juzi abiria mmoja, kijana anayesoma chuo kikuu, alinieleza jambo ambalo limenikaa kichwani. Alisema kuwa jedwali hilo halihesabiwi kwa kuufuata mwezi huu tunaouona, bali kwa kujumlisha athari za kundi zima la miezi na majua ya kubuni, kila kimoja kikizunguka juu ya Ikweta kwa mwendo usiobadilika. Vitu hivyo havipo. Hakuna aliyewahi kuviona na hakuna anayevitafuta, na wanaovitumia wanajua vyema kwamba ni vya kubuni. Hata hivyo hesabu inatoka sawa, nami naitegemea kwa riziki yangu na kwa usalama wa watu.

Mpwa wangu aliye kidato cha pili naye ameletewa mchoro wa atomu wenye elektroni zinazozunguka kiini katika njia za duara, kisha akaambiwa na mwalimu huyo huyo kwamba elektroni haziendi hivyo. Akaniuliza kwa nini basi wanachorewa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Swali langu ni hili: mwanasayansi anapotoa modeli, anadai nini kuhusu ulimwengu? Anadai kwamba ulimwengu uko hivyo, au kwamba ukihesabu hivyo utapata jibu? Na ikiwa ni hilo la pili, jibu linapatikanaje kwa kutumia vitu visivyokuwepo? Naomba nisiambiwe tu kwamba modeli si uhalisia. Hilo nalijua, karatasi ya jedwali haina chumvi.

Maalim_Tononoka anajibu:

Waalaikum salaam, ndugu. Kijana yule alisema kweli, ila alianzia mwishoni mwa hadithi, na ukianzia hapo jambo hili linaonekana kama mazingaombwe. Niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa sababu maji yetu haya yana modeli zaidi ya moja, na kila moja ina upungufu wa namna yake.

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kwamba mwezi huuvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, na kwamba tofauti hiyo ya mvutano ndiyo inayoyainua maji pande zote mbili. Jua nalo hufanya vivyo hivyo, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Hesabu iliyojengwa juu ya wazo hilo huichukulia dunia kana kwamba imefunikwa na maji kote, bila bara wala kisiwa, na maji yenyewe yanaitika papo hapo kila yanapovutwa.

Sasa ilete hesabu hiyo Kilindini. Siku ya mwezi mwandamo jua na mwezi viko upande mmoja, kwa hiyo maji yangepaswa kujaa vinapokuwa utosini, yaani adhuhuri. Kila aliyelelewa katika pwani hii anajua kuwa sivyo: maji ya bamvua, yaani yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa hujaa mnamo saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, na hupwa mnamo saa nne. Modeli imekosea kwa muda wa karibu saa nne. Kimo nacho kimekosewa, maana kwa hesabu ile tofauti kati ya kupwa na kujaa isingefika hata mita moja, ilhali bamvua la Kilindini hupita mita tatu.

Kosa liko kwenye sharti la kuitika papo hapo. Ili uvimbe wa maji ubaki chini ya mwezi siku zote, ingebidi ukimbie kwenye Ikweta kwa kasi ya karibu kilomita 1,600 kwa saa. Wimbi refu katika bahari yenye kina cha kilomita nne, ambacho ndicho kina cha kawaida cha bahari kuu, haliwezi kupita sana kilomita 700 kwa saa. Maji hayaudiriki mwezi, na hata yangeudiriki, Afrika imesimama njiani. Kinachotokea hasa ni kwamba maji ya Bahari ya Hindi yanayumbishwa na mvutano huo kila siku, na kuyumba kwake kunategemea umbo la bonde la bahari, kina chake na mahali zilipo pwani zake. Pwani yetu imeangukia mahali ambapo kuyumba huko ni kukubwa.

Hata hivyo tazama kilichosalimika. Katika hesabu ile potofu mchango wa jua ni kidogo chini ya nusu ya mchango wa mwezi. Kilindini, wimbi la mwezi huinuka takriban mita moja juu ya usawa wa kati, na la jua takriban nusu mita. Ukubwa umekosewa karibu mara nne, lakini uwiano umebaki karibu pale pale. Mapigo yenyewe, saa 12 na dakika 25 kwa mwezi na saa 12 kamili kwa jua, hayakubadilika hata chembe. Hapo ndipo unapopata sababu ya bamvua letu kushika saa kumi mwaka nenda mwaka rudi: wimbi la jua hujaa saa ile ile kila siku, na bamvua ni zile siku ambazo wimbi la mwezi limeangukia juu ya lile la jua. Wazee waliijua saa hiyo bila Newton, na Newton peke yake asingeweza kuwapa, lakini sababu ya kutobadilika kwake imo ndani ya modeli yake.

Ndipo tunafika kwenye miezi ya kubuni. Mwezi halisi una tabia ngumu kuhesabu: njia yake ni duaradufu, hivyo mara uko karibu na mara uko mbali, na katika mzunguko wake huwa mara kaskazini na mara kusini ya Ikweta. Pierre-Simon Laplace, aliyeanza kulishughulikia jambo hili miaka ya 1770, alionyesha kwamba athari ya mwezi mmoja wenye tabia ngumu inaweza kuandikwa kama jumla ya athari za miezi mingi yenye tabia nyepesi. Mmoja huenda kwa mwendo sawa na kwa umbali usiobadilika, na huo ndio unaotoa kijenzi kikuu, yaani sehemu kubwa kuliko zote ya jumla hiyo, kiitwacho M2; wa pili husahihisha umbali, wa tatu husahihisha kwenda kaskazini na kusini, na kadhalika. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mwaka 1872 mashine ya magurudumu iliyovijumlisha vijenzi kumi vya namna hiyo na kuchora mstari wa maji ya siku zijazo. Mwaka 1921 Arthur Doodson wa Liverpool alivichambua hadi 388, ingawa bandari nyingi hutosheka na vichache zaidi.

Kwa hiyo, ndugu, miezi hiyo haikuwekwa mahali pa mwezi halisi. Ni mwezi ule ule uliochenjiwa. Shilingi elfu moja ukiivunja kwa noti za mia mbili na za hamsini, hujabuni pesa mpya, na hakuna anayedai kwamba mteja alizileta zikiwa vipande hivyo. Jumla ndiyo inayowajibika.

Jambo la mwisho kwa leo. Ukubwa wa kila kijenzi na kuchelewa kwake havipatikani kwa kuangalia angani. Vinapatikana kwa kifaa cha kupimia maji kilichokaa bandarini muda mrefu. Mbingu hutoa saa, bandari hutoa kimo. Ndiyo maana namba za Kilindini hazitumiki Lamu, na Lamu inabidi ipimwe peke yake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu hivi: katika modeli yoyote, angalieni ni namba zipi zilizotolewa na nadharia na ni zipi zilizoombwa kutoka kwenye kipimo, kwa sababu hizo za kuombwa ndizo zinazoonyesha mahali ambapo modeli haijui.

Serahangi_Mstaafu anajibu:

Maalim ameeleza kwa ufundi. Mimi nimekula chumvi nyingi, na nyingi ya chumvi hiyo niliila melini, kwa hiyo naongeza yale yanayomhusu mtu mwenye boti.

Kwanza, ile mita 3.6 si kina cha maji chini ya boti yako. Ni kimo cha maji juu ya sifuri ya ramani ya baharini, na sifuri hiyo haipo popote baharini. Watu wameichagua karibu na maji ya chini kabisa yanayotarajiwa, ili ramani isimwahidi nahodha maji asiyoyakuta. Kina cha mahali ulipo ni namba ya ramani ukiijumlisha na namba ya jedwali. Basi unategemea modeli mbili, na ile ya ramani ilipimwa siku fulani, na mchanga tangu siku hiyo haukuketi kitako kuingoja ramani.

Pili, kiganja chako cha maji kinachozidi au kupungua kina maelezo. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali moja, bahari huinuka kwa takriban sentimita moja, nao ukipanda, bahari hushuka kwa kiasi hicho. Upepo nao huyasukuma maji kuelekea pwani au huyaondoa. Jedwali lilichapishwa kabla ya mwaka kuanza. Halingeweza kujua hewa ya Jumanne hii. Linaeleza bahari kana kwamba mbingu peke yake ndizo zinazoishughulikia.

Mwenye shaka aikumbuke tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, na jedwali lilikuwa na saa zake za maji makubwa kama kawaida. Wimbi lililotoka Sumatra halikuwemo, wala halikupaswa kuwemo, maana tetemeko la ardhi halimo katika mahesabu ya mwezi na jua. Jedwali halikusema uongo siku ile. Liliulizwa swali ambalo halikutengenezwa kulijibu.

Mnapozungumzia modeli msiwasahau waliotutangulia. Mwaka wa mabaharia wetu ulianzia Nairuzi na ulikuwa na siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Robo ya siku haikuwemo, kwa hiyo hesabu hiyo huteleza siku moja kila baada ya miaka minne, na katika miaka 40 imeteleza mwongo mzima. Hata hivyo bahari ilifungwa na kufunguliwa kwa hesabu hiyo, kwa sababu nahodha hakuwa anauliza jua liko wapi hasa. Alikuwa anauliza kama kusi limekaribia.

Binti_Kibokoni anajibu:

Shikamoo, Mzee Serahangi. Maalim, nakushukuru kwa maelezo. Nimesoma hisabati na nimefurahi kuona mambo haya yakiandikwa kwa lugha yetu bila kupunguzwa makali. Lakini naona mmemwachia ndugu yetu picha iliyo safi kuliko mambo yenyewe yalivyo.

Maalim anasema mbingu hutoa saa na bandari hutoa kimo. Chukueni kile kijenzi cha jua kinachorudi kila baada ya saa 12. Kwa jina lake, chanzo ni mvutano wa jua. Lakini jua pia huipasha hewa joto, na katika nchi za tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ukifika kilele mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na bahari huufuata. Kifaa kilichoko bandarini hakiwezi kuvitenganisha viwili hivyo: chochote kinachorudi kila saa 12 hukusanywa pamoja na kupewa jina moja. Jedwali linatoka sawa, ilhali maelezo yaliyobandikwa juu ya safu hiyo hayajakamilika. Kwa mtu wa boti si kitu. Kwa mtu anayetaka kujua bahari inafanya nini, ni kitu kikubwa, maana modeli imepatia namba huku ikiwa imechanganya sababu.

Kwa upande mwingine, Mzee, si kweli kabisa kwamba jedwali halijui upepo. Miongoni mwa vijenzi kuna kinachorudi mara moja kwa mwaka, na hicho kwa sehemu kubwa hakitokani na mvutano. Kinatokana na joto la maji na pepo za misimu. Kusi la wastani limo ndani ya jedwali. Kusi la leo ndilo lisilokuwemo.

Sasa nifike kwenye shaka yangu kubwa. Claudius Ptolemy, katika karne ya pili, alizieleza sayari kwa miduara inayozunguka juu ya miduara, dunia ikiwa imetulia karibu na kitovu. Kihisabati, miduara yake ni ndugu wa damu wa miezi ya kubuni ya Laplace. Ukiruhusiwa miduara ya kutosha unaweza kuchora karibu njia yoyote inayojirudia, iwe ni ya sayari au ya nzi aliye ndani ya chupa. Kwa hiyo kupatia peke yake si ushahidi kwamba umegusa kitu halisi. Mfano wa noti za Maalim unafaa kwa mwezi kwa sababu tayari tunajua kwamba mwezi upo na njia yake tunaijua. Pale ambapo hatukijui kitu chenyewe, tutajuaje kama tumekivunja au tumekibuni?

Tazameni kisa cha Urbain Le Verrier. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati hesabu. Yeye akasema kuna sayari nyingine inayoivuta, akahesabu mahali ilipo, na tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaikuta kwa darubini kule Berlin, umbali wa chini ya digrii moja kutoka alipoelekezwa. Ndiyo Neptune. Sayari ya Mercury nayo ilikuwa haifuati hesabu, na mwaka 1859 Le Verrier akapendekeza kitu kile kile: kuna sayari, au kundi la vitu vidogo, karibu zaidi na jua. Iliitwa Vulcan, ikatafutwa kwa miongo ya miaka, haikupatikana, kwa sababu haipo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba ile tofauti ya Mercury, ya sekunde 43 za pembe kwa kila karne, inatokana na upungufu wa nadharia ya Newton yenyewe. Mtu ni yule yule, mbinu ni ile ile, na kabla ya darubini kuelekezwa angani hapakuwa na chochote ndani ya hesabu kilichotofautisha Neptune na Vulcan.

Mwana_wa_Likoni anaandika tena:

Ahsanteni sana nyote. Mzee, kuhusu sifuri ya ramani nimekuelewa, na nitamwonyesha msaidizi wangu maneno yako.

Dada Binti ameligusa hasa lile linalonisumbua. Ikiwa hesabu inaweza kupatia huku sababu zimechanganyika, na ikiwa kitu cha kweli na cha kubuni vinafanana ndani ya karatasi, basi ni kitu gani nje ya karatasi kinachowapa wanasayansi imani? Maalim, kwa maji haya haya, tunajuaje kwamba ni mwezi kweli, na si desturi tu ya saa 12 na dakika 25?

Maalim_Tononoka anajibu:

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba usiiulize modeli lile iliyofundishwa. Iulize jambo ambalo haikulishwa.

Vijenzi vya Kilindini vilipatikana kwa kupima Kilindini, kwa hiyo kupatia Kilindini si sifa kubwa kwao. Hapo nakubaliana na Binti. Lakini wazo kwamba mvutano wa mwezi ndio unaoyasukuma maji lina matokeo mahali ambapo hakuna bandari wala kifaa. Maji yanayosuguana na sakafu ya bahari lazima yapoteze nishati, na nishati hiyo lazima itoke kwenye mzunguko wa dunia, nao mwezi lazima usogee mbali kidogo kidogo. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo juu ya mwezi mwaka 1969, na miale ya leza inayorushwa kutoka duniani na kurudishwa na vioo hivyo na vingine vilivyofuata inaonyesha kwamba mwezi unatuacha kwa takriban sentimita 3.8 kwa mwaka. Ikiwa dunia inapunguza mwendo, siku za kale zilikuwa fupi na mwaka ulikuwa na siku nyingi zaidi. Mwaka 1963 John Wells alizihesabu pete ndogo za ukuaji katika matumbawe ya visukuku ya kipindi cha Devoni, akapata takriban 400 kwa mwaka mmoja. Jedwali lisingejua lolote kuhusu matumbawe hayo, wala leza haikuwekwa kwa ajili ya boti za Nyali. Desturi tupu ya saa 12 na dakika 25 isingekuambia mojawapo ya mambo hayo.

Kuna modeli ya tatu pia, ambayo nilipaswa kuifikia: milinganyo ya Laplace ya mwendo wa maji, ikitatuliwa kwa kompyuta juu ya ramani ya kina cha bahari zote. Tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon iliporushwa mwaka 1992 na kuanza kupima kimo cha bahari kutoka angani, tumeweza kulinganisha katikati ya bahari kuu, mahali ambapo hapajawahi kusimikwa kifaa, na modeli bora za leo hutofautiana na vipimo huko kwa sentimita chache tu. Ukizileta karibu na nchi zinaanza kuyumba. Ndani ya hori la Tudor, au kule Port Reitz, maji yanapita juu ya matope na katikati ya mikoko, njia zinabana na kupanuka, na kompyuta inayoiona bahari kwa vipande vya kilomita kadhaa haioni mambo hayo. Yaani modeli ile ile inastahili imani kubwa umbali wa maili mia moja kutoka ufukweni na imani ndogo chini ya daraja la Nyali, na hakuna ukinzani hapo.

Binti_Kibokoni anajibu:

Maalim, kigezo chako nakikubali, na nitakitumia kumjibu mpwa wa ndugu yetu, kwa sababu swali la kijana halijajibiwa.

Mchoro ule wa elektroni kwenye njia za duara asili yake ni modeli ya Niels Bohr ya mwaka 1913. Aliitengeneza ili kueleza rangi za mwanga unaotolewa na haidrojeni, kwa hiyo kupatia haidrojeni peke yake kungeweza kutiliwa shaka kama miduara ya Ptolemy. Kulikuwa na mistari fulani ya mwanga iliyodhaniwa kuwa ya haidrojeni, ambayo Bohr alisema ni ya heliamu iliyobakiwa na elektroni moja. Kwa hesabu yake ya awali, namba moja ya mistari hiyo ilipaswa kuwa mara nne kamili ya ile ya haidrojeni. Alfred Fowler, mtaalamu wa vipimo vya mwanga, akapinga kwamba vipimo vinatoa 4.0016. Bohr akajibu kwamba kiini cha atomu nacho husogea kidogo elektroni inapozunguka, na kiini cha heliamu ni kizito kuliko cha haidrojeni. Akalihesabu hilo, na 4.0016 ikatoka. Hilo modeli haikulishwa. Lakini heliamu yenye elektroni zake mbili modeli hiyo ilishindwa nayo kabisa, na tangu mwaka 1926, Erwin Schrödinger alipotoa mlinganyo wake, hakuna mwanafizikia anayedai kuwa kuna njia za duara mle ndani.

Basi mwambie kijana kwamba anachorewa mchoro ule kwa sababu viwango vya nishati vilivyomo bado vinasimama, na kwa kemia ya kidato cha pili hivyo ndivyo anavyovihitaji. Njia zenyewe ni jukwaa la kupandia, na mwalimu wake amefanya vyema kumwambia mapema.

Linalobaki kati yangu na Maalim ni hili. Yeye akiona modeli imejibu lile ambalo haikulishwa, yuko tayari kusema kwamba vitu vinavyotajwa ndani yake vipo. Mimi naona modeli ya Bohr ilijibu lile la 4.0016 kwa kuzungumzia elektroni inayozunguka na kiini kinachosogea, na mzunguko huo haupo. Uwiano wa uzito ndio uliokuwa wa kweli, nao ulikuwa umevaa kanzu ya mtu mwingine. Kwa mwezi sina neno, nauona kwa macho yangu kila jioni kutoka barazani. Kwa elektroni nakubali namba, na kuhusu picha inayokuja pamoja nazo bado nazuia kauli yangu, hata ile ya mwaka 1926.